Msanii mchanga wa Lamu asiye na cheti aanzie wapi? Mafunzo na granti

BintiMkomani

Assalaam aleikum wadau, mko shwari? Mie niko Amu, yaani Lamu mjini, nachora, akriliki zaidi, na hina wakati wa harusi ndio inayonipa pesa ya bando. Kila Jumamosi jioni nakaa na watoto wa mtaa kwenye baraza ya nyanyangu tunachora na kutunga vihadithi, karatasi hatuna kwa hivyo twachukua maboksi ya biskuti madukani twayafungua twachora ule upande usio na maandishi. Wazazi wamefurahi, maalim naye hana neno ilimradi saa za chuo cha Kurani zisiguswe.

Sasa nataka kujua mtu kama mie aanzie wapi. Nilimaliza fomu foo, Nairobi kwetu hawakubali niende nikakae peke yangu na hata wakikubali hiyo ada ya kusomea sanaa atatoa nani. Cheti sina. Nikiingia Instagram fursa ni nyingi mpaka zachosha, residensi (waenda kukaa mahali ufanye sanaa), granti (pesa za ufadhili zisizorudishwa), feloshipu, zote Kiingereza kizito, zote zafungwa kesho usiku, zote zataka potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako, na maelezo ya msanii na barua za watu wawili wakubwa wanaokujua, na mie watu wakubwa wanaonijua ni nyanyangu na mwenye duka la rangi.

Na jambo jingine laniuma. Kuna watu walikuja hapa na mradi wao, siwataji, wakanambia niwachoree ukuta mzima kuhusu usafi wa mji, rangi wametoa wao, kazi nimefanya juani mpaka ngozi ikabanduka, mwisho wa yote nikapewa fulana na wali wa mchana, ati nitajulikana. Kujulikana na nani, ukuta wenyewe uko uchochoroni wapita punda.

Kwa hivyo naomba anayejua anieleze, mafunzo ya karibu yako wapi, pesa za kweli ziko wapi, na je ni lazima mtu atoke Lamu ndio aitwe msanii? Na hawa watoto pia, nataka nijifunze kuwafundisha vizuri, sio kukaa nao tu.

FundiWaMlango

Waaleikum salaam dadangu. Mie nachonga, na ntakwambia kitu ambacho vijana wa simu hawapendi kukiskia, mafunzo mazuri kabisa ya sanaa hapa Lamu hayana fomu ya kujaza, yako karakanani. Mtu akiingia kwa fundi mwanzo kazi yake ni kunoa patasi na kupiga msasa, mbao ya mteja hashiki, halafu apewa mabaki arudie jani moja lile lile mpaka mkono uzoee kufuata mstari wa penseli bila kuruka. Ukiruka kwenye mbambakofi huna pa kuficha, mbao ngumu ile. Kisha ndio asogee kwenye fremu, na ule mti wa katikati ya mlango wenye nakshi nzito fundi mkuu haachii mtu hovyo hovyo. Milango hii watalii wanayopigia picha imetoka kwa watu waliosoma namna hiyo, na UNESCO walipouweka mji wetu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 hawakuulizia semina zetu.

Cheti nacho siku hizi kina njia yake. NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, wana mitihani ya ufundi, gredi III mpaka gredi I, maseremala wengi wameifanya. Na kuna mpango waitwa RPL chini ya KNQA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyeti, yaani wewe ujuzi unao lakini hukukaa darasani, wakupima kwa kazi ya mikono yako wakishatosheka wakupa karatasi. Usiidharau hiyo karatasi kwa sababu siku ya tenda ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Na kama wapenda mambo mapya nenda kaone kazi ya Flipflopi, kile chombo cha plastiki kilichoundwa hapa hapa Lamu chini ya fundi Ali Skanda, urefu kama mita 9, tani karibu 10 za plastiki zilizokusanywa, ubavu wote umejaa ndara za ufuoni. Kilishushwa majini 2018 na mapema 2019 kikaenda kwa tanga mpaka Zanzibar. Wakati kinaundwa watu walicheka bana. Sasa watu wa Flipflopi wafunza vijana kuunda vyombo na wafanya hata samani za plastiki.

BintiMkomani

Shukran fundi nimekuelewa, lakini karakana zote nizijuazo ni wanaume watupu, nikikaa pale siku mbili tu mtaa mzima ushapata cha kusema.

FundiWaMlango

Ni kweli na hilo sitakudanganya kwamba litaisha mwaka huu. Ila skiza, nakshi huchorwa kwanza kwenye karatasi ndio ishushwe kwenye mbao, na sisi mafundi wengi kuchonga twaweza kuchora ni wavivu, twarudia miundo ile ile ya tangu wazee. Kaa nyumbani kwako uchore miundo mipya ya vipande vya juu vya milango, mawaridi, minyororo, maandishi ya Kiarabu, saizi kamili ya mbao. Njoo nayo na kakako au babako, mie nitakuwa wa kwanza kununua na bei tutaelewana. Pesa hizo hazina dedlaini.

NipoNairobiSasa

Nyote mwapiga porojo. Binti toka huko. Mimi ni wa Faza, huko huko visiwani Lamu, nilikuja Nairobi sina kitu, hapa kuna kituo cha sanaa cha GoDown tangu 2003, kuna Kuona ambako wasanii wana studio kila mtu na yake lakini ua ni mmoja, kuna NCAI, taasisi ya sanaa ya mchoraji Michael Armitage, unaingia kuangalia maonyesho, na ukitaka darasa kuna chuo cha Buruburu, wanafundisha sanaa kwa diploma. Hapa mtu akiiona kazi yako anakwambia hii mbovu, na anakwambia kwa nini mbovu. Lamu kila mtu ni mashallah mashallah, utakua lini?

SautiYaShela

@NipoNairobiSasa kwa kukosolewa wasema kweli, lakini mbona mwafanya kama kwamba Nairobi haiji huku? Tamasha la wachoraji hapa Shela lilianza 2011, wachoraji kutoka Ulaya na Wakenya wanakuja wanachora nje, uchochoroni, ufuoni, mchana kweupe. Hakuna tikiti ya kumwangalia mtu akichora. Mimi kujua kwamba kivuli cha ukuta wa matumbawe sio cheusi bali kina buluu ndani yake nilijua kwa kusimama nyuma ya mzee mmoja wa kizungu nikimtazama anavyochanganya, nikauliza, akanieleza, akanipa na brashi. Binti beba vitu vyako ukae karibu nao uchore na wewe, hao hao ndio watakuja kuwa wale watu wawili wa barua.

Halafu kuna tamasha la utamaduni, kwa kawaida Novemba, watu wote macho yako kwenye mashindano ya punda na majahazi, lakini mabanda ya kazi za mikono hugawiwa mapema, ukingojea tangazo ushachelewa, nenda ofisi ya utamaduni ya kaunti na ngomeni kwa watu wa makumbusho ukajiandikishe kama msanii. Wanakuwa na orodha. Wageni wakija na mradi wakiuliza nani anachora, ile orodha ndiyo inayotolewa.

MwanaMalindi

Salaam kutoka Malindi. Mimi nafanya thieta ya jamii, kwa hivyo nitajibu lile swali la mwisho la binti ambalo naona mmelipita, la kufundisha watoto vizuri. Hiyo ni kazi yenye ujuzi wake kabisa, sio mtu kujua kuchora tu. Kuchora ni kitu kimoja, kuendesha kikao cha watoto 20 ambao wawili wamegombana na mmoja hajala tangu asubuhi ni kitu kingine.

Sisi wengi hapa Pwani tulijifunzia magnet thieta, ile iliyotumika sana kwenye elimu ya ukimwi. Mchezo unafanyika mahali pamoja na siku moja ile ile ili watu wazoee kuja, hadithi inafika pale mhusika hajui afanye nini, inasimamishwa hapo. Mwezeshaji anageukia watu anauliza, haya mama, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mama anainuka anaingia jukwaani mwenyewe. Asili yake ni mbinu za Augusto Boal, mtu wa thieta wa Brazil. Kazi ngumu yote iko kwa mwezeshaji, kuuliza bila kuhukumu na kunyamaza wakati wa kunyamaza, na hapo ndipo mafunzo yanapohitajika. Mashirika ya afya na ya watoto mara nyingi hufunza wawezeshaji kabla ya mradi kuanza, na mafunzo hayo huwa ya bure na nauli wanakupa, kwa hivyo usiende kwao ukiomba pesa za rangi, nenda uombe kuwekwa kwenye mafunzo ya uwezeshaji na ya ulinzi wa watoto. La ulinzi wa watoto hasa. Siku hizi mfadhili hakuangalii mara mbili kama unafanya kazi na watoto na huna hata ukurasa mmoja unaosema utafanya nini mtoto akikwambia anapigwa nyumbani.

Mombasa kuna Swahilipot pale karibu na Fort Jesus, teknolojia na sanaa pamoja, vijana wengi wa Pwani wamepitia pale. Kwa wenye muziki, Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy tangu 2002, ala za udi na kanuni, taarab, unafundishwa na wenyewe. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa cha serikali ya Tanzania kilichoanza 1981, ngoma, maigizo, uchoraji, mpaka taa za jukwaani, na mtu wa Lamu pale haulizwi Kiingereza barabarani wala bwenini. Dar kuna Nafasi, kituo cha wasanii. Watu wa Pwani tuna ugonjwa wa kuangalia Nairobi tu wakati ndugu zetu wa kusini wana vyuo. Ulizia ada ya mwanafunzi wa nje kabla hujafurahi lakini.

Sasa pesa. Binti, ukiwa peke yako na ukiwa kikundi ni milango miwili tofauti. Peke yako jaribu Seed Awards za Prince Claus Fund wa Uholanzi, ni yuro 5,000 kwa msanii, zinatolewa 100 kwa mwaka kwa nchi nyingi, na wanataka hasa watu walio miaka ya mwanzo ya kazi yao, mwaka wa kwanza mpaka wa tano, na kazi iwe inagusa jamii yako. Wewe na maboksi yako ya biskuti ndio mtu wanayemtafuta, sisemi utapata maana waombaji ni wengi mno, nasema usijione mdogo. HEVA wa Nairobi, mfuko wa kufadhili kazi za ubunifu, wao tangu 2013 wanaangalia sanaa kama biashara, ukienda kwao nenda na daftari la mauzo hata kama ni ya hina.

Kikundi, andikisheni kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, katiba yenu, kumbukumbu za kikao, viongozi. Wazazi wa hao watoto tayari ni kikundi, mnangoja nini? Hapo mtafungua akaunti ya benki na mtaweza kuomba pesa ambazo mtu mmoja hapewi. Lakini mtu asikudanganye, Uwezo Fund na ule mfuko wa vijana, zote za serikali, ni mikopo, inarudishwa, si vya kununulia rangi za watoto mkaanza kukimbizana mwaka unaofuata.

Na hili nalisema kwa sauti. KWENYE BAJETI JIANDIKE. Naona maombi mengi ya wasanii wa jamii, rangi ipo, karatasi ipo, soda za watoto zipo, posho ya mgeni rasmi ipo (mgeni rasmi!), anayefanya kazi yenyewe hayupo. Wanaona haya, wanadhani wakijilipa wataonekana wana tamaa. Mfadhili akisoma bajeti hiyo anaona mradi utakaokufa mwezi wa tatu kwa sababu mwenye mradi atakwenda kutafuta chakula. Andika, mwezeshaji, vikao kadhaa, kila kikao shilingi kadhaa, jumla. Na ukiitwa tena kuchora ukuta, kabla hujapanda ngazi andika karatasi moja, ukubwa wa ukuta, siku za kazi, nani ananunua rangi, malipo nusu mwanzo nusu mwisho, sahihi zenu wote wawili. Mtu akikataa kutia sahihi ushajua.

NipoNairobiSasa

Hapo kwa mgeni rasmi nimecheka mpaka basi. Lakini mzee wa Malindi unajua kabisa kwamba Lamu ukileta karatasi ya sahihi unaambiwa una kiburi.

MwanaMalindi

Waseme. Hapa kwetu wachongaji wa ushirika pia waliambiwa mengi, ilipofika wakati mpingo na muhuhu umepungua misituni wakashauriwa wachonge mwarobaini, watu wakasema nani atanunua sanamu ya kiboko ya mwarobaini. Wamechonga, wakauza mpaka ng'ambo, na mwarobaini unaota kila uani. Walikuwa na ushirika, wakaongea na mnunuzi kwa sauti moja. Mchongaji mmoja akikaa peke yake barabarani na sinia lake mnunuzi anampangia bei anavyotaka.

UkiliNaUkindu

Hamjambo wanangu. Mie si mchoraji, nasuka mikeka na misala, na wanangu ndio huniwekea kazi mtandaoni, lakini niliwahi kukaa kwenye jopo la kuchagua kazi za kina mama kwa ajili ya maonyesho, kwa hivyo ntasema kile tulichokiona upande ule wa meza.

Picha. Kazi nzuri nyingi tuliziacha kwa sababu ya picha. Mtu kasuka mkeka wa rangi nne umetulia, kaupiga picha usiku chini ya taa ya manjano, mguu wa mtoto waonekana pembeni, na sufuria. Binti, toa kazi yako nje asubuhi mapema au baada ya alasiri, iweke kwenye kivuli, sio juani, ukuta mweupe nyuma, simu iwe sawa na katikati ya kazi sio kutoka juu, futa lenzi kwa kanga. Piga nzima, kisha piga kipande kwa karibu waone mkono wako. Chini andika jina la kazi, mwaka, vifaa, ukubwa kwa sentimita. Kazi 10 nzuri zatosha, usitie 40.

Yale maelezo ya msanii yaandike kwanza kwa Kiswahili chako cha kawaida kama unavyotuandikia hapa, kwa nini maboksi, kwa nini Jumamosi, watoto wasema nini. Hapa umetueleza vizuri sana. Ukishamaliza ndio umtafute mtu akugeuzie Kiingereza, mwalimu yeyote wa sekondari atakusaidia, lakini mwambie asiongeze maneno makubwa. Tulikuwa tukisoma maombi thelathini yote yasema yatawezesha vijana na kukuza utamaduni, ukifika la pili ushasahau la kwanza.

Na tafadhali mwanangu, yeyote akikwambia umeshinda granti sasa tuma kwa M-Pesa ada ya kushughulikia, huyo mwizi. Zipo residensi zinazotoza ada ya maombi na zimeandika hivyo wazi kwenye ukurasa wao, lakini za kupigiwa simu usiku, kata.

Picha ya kazi ukiiweka Instagram haki ni yako tangu ulipoichora, sheria ya Kenya yakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Ukitaka ushahidi zaidi unaandikisha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Wenye mahoteli wamezoea kuchukua mchoro wa mtu mtandaoni wakautia kwenye menyu.

BintiMkomani

Bi nakushukuru sana, shikamoo, na nyote jazakumullahu kheir, sikutarajia. Fundi nakuja na kakangu Ijumaa baada ya swala na michoro miwili, mmoja wa mawaridi mmoja wa minyororo, saizi nimepima kwenye mlango wa jirani. Kwa kikundi nimeshaongea na mama watatu wamekubali. Swali moja bado, picha za watoto wakichora naweza kutia kwenye maombi? Ndizo nzuri kuliko zote nilizonazo.

MwanaMalindi

Tia zile za mikono na michoro. Za nyuso subiri mpaka kila mzazi atie sahihi karatasi inayosema picha itatumika wapi na kwa muda gani, isomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma, na mzazi akikataa mtoto wake abaki kwenye kikao vile vile kama wenzake. Ukishaandika bajeti ilete hapa tuikague kabla hujaituma. Na utie nauli ya boti ya kutoka Mokowe upande wa bara, watu wa Nairobi huwa wanadhani Lamu gari inafika mlangoni.